Gia Boksi Imekufa: Litengenezwe au Liuzwe?

Gari la oto lililokwisha kutembea kilomita laki tatu likigoma kuchukua gia, swali linakuja lenyewe: litengenezwe, au liuzwe lilivyo? Wilayani Kibiti swali hilo si la watu wachache. Magari yanayobeba abiria na mizigo kati ya barabara kuu ya Kilwa na vijiji vya upande wa delta ya Rufiji, Dimani ikiwemo, kwa sehemu kubwa ni ya Kijapani yaliyoingia nchini yakiwa yametumika: Noah zile za kwanza zilizotengenezwa kati ya 1996 na 2001, Probox, IST, Hiace. Mengine ni ya usajili wa zamani, namba A na namba B, na yamepita mikononi mwa wenye magari watatu wanne. Gia boksi ikifa, fundi husema ishushwe, jirani husema gari liuzwe, na kijiweni hakosekani mwenye mfano wa mtu aliyepatia na wa mwingine aliyeumia. Hata hivyo uamuzi wenyewe unasimama juu ya mambo yanayohesabika, na mengi yake yanahesabika kabla ya bolti ya kwanza kulegezwa.

La kwanza ni kuthibitisha kwamba iliyokufa ni gia boksi kweli. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea bure. Gari la kuvuta kwa mbele, kama IST au Probox ya kawaida, likikatika shafti au jointi ya gurudumu moja, litanguruma bila kusogea hata hatua, na gia boksi yake haina kosa lolote. Kamba inayounganisha mkono wa gia na gia boksi ikilegea au ikikatika, mkono utasoma D huku gia boksi yenyewe imekaa N. Mauntini ikivunjika, kila gia ikiingia gari hupiga teke la kumtisha abiria. Injini yenye plagi mbovu au koili iliyokufa hukosa nguvu mlimani, na dereva akaapa kwamba gia zinateleza. Haya yote ni matengenezo ya siku moja, na mengine ni ya saa moja.

Kipimo cha pili ni oili. Katika Toyota nyingi za zamani, kijiti cha kupimia oili ya gia boksi husomwa gari likiwa limetembea hadi likapata moto, limesimama mahali tambarare, injini ikiunguruma na mkono wa gia ukiwa P. Honda hupimwa injini ikiwa imezimwa muda mfupi tu, na anayepima Honda kwa mtindo wa Toyota atasoma uongo. Oili nzima ni nyekundu au imeingia uhudhurungi kidogo, na haina harufu kali. Nyeusi yenye harufu ya kitu kilichoungua inasema kwamba karatasi za klachi zimeungua. Ikiwa imegeuka waridi na kupauka, yenye povu, imechanganyika na maji. Ikiwa imepungua tu lakini rangi ni nzuri, kitafutwe kwanza kinachovujisha, mara nyingi ni oili sili ya shafti, kisha ijazwe na gari lijaribiwe tena. Zipo gia boksi zilizotangazwa zimekufa ambazo zilikuwa na njaa ya lita mbili.

Kisha sampo ifunguliwe. Ndani yake, chini, kuna sumaku ndogo za duara zilizowekwa na kiwanda ili zidake chuma kinacholika. Tope laini la kijivu juu ya sumaku hizo ni la kawaida katika gari lenye umri. Likipakwa kidoleni halikwaruzi. Vipande vinavyoonekana kwa macho, vyenye ncha na mng'ao, ni habari nyingine: kuna beringi au jino la gia linalosagika, na hapo hakuna oili mpya itakayosaidia. Uchunguzi huu unahitaji spana, gasketi na nusu saa, na ndio unaotoa jibu la bei rahisi kuliko yote.

Kwa magari ya kuanzia miaka ya mwisho ya 1990, mashine ya kusomea kompyuta ya gari huongeza ushahidi. Kodi P0700 inasema tu kwamba kompyuta ya gia boksi ina lalamiko, wala haisemi gia boksi imekufa. P0750 inaelekeza kwenye solenoidi ya kubadilishia gia, P0740 kwenye klachi ya toki konveta au waya zake, P0715 kwenye sensa ya mwendo wa shafti ya kuingilia. Solenoidi ya gia boksi nyingi hufikiwa kwa kufungua sampo tu, gia boksi ikiwa bado garini. Fundi anayesema "shusha" kabla ya kupima oili, kufungua sampo wala kusoma kodi anatibu mgonjwa asiyemgusa.

Ili kuelewa kwa nini gia boksi hufa, yatosha kujua inafanyaje kazi. Nguvu ya injini hupita kwenye toki konveta, ambamo oili inayorushwa na feni moja huizungusha nyingine. Wazo hilo lilisajiliwa na Mjerumani Hermann Föttinger mwaka 1905 kwa ajili ya meli, na gari la kwanza la oto kuuzwa kwa wingi, Oldsmobile ya Marekani yenye Hydra-Matic, lilitoka kama toleo la mwaka 1940. Nyuma ya konveta kuna pampu, klachi za sahani nyingi nyembamba zilizobandikwa karatasi ngumu, seti za gia, na bodi ya valvu inayoamua oili iende klachi gani. Oili hiyo moja inasukuma, inalainisha, inapoza na kubana klachi. Ikizidi joto, huoza haraka. Mafundi wana kanuni ya miaka mingi kwamba kila nyuzi 10 hivi za ziada juu ya joto la kawaida hupunguza uhai wa oili kwa nusu. Kwa hiyo anayeuliza kwa nini gia boksi imekufa aanze kwa kuuliza ilipata wapi joto, na baada ya hapo aulizie maji.

Mazingira ya Kibiti yana vyote viwili. Kwenye mchanga, gari linapokanyagiwa mafuta bila kusonga, nguvu yote ya injini hugeuka joto ndani ya toki konveta. Dakika chache za kuhangaika kutoka kwenye mchanga, abiria wakiwa ndani, zinaweza kuila gia boksi kuliko safari nzima ya lami kutoka Mbagala. Wakati wa masika udongo wa bondeni huteleza na kushika, na joto ni lile lile. Maji nayo huingia kwa njia ambayo wengi hawaidhani. Gia boksi ina kipumulio kidogo juu yake. Gari likitumbukizwa kwenye maji likiwa na moto, hewa iliyomo ndani hupoa ghafla na kusinyaa, na kipumulio kikiwa chini ya maji, hufyonza maji. Mafuriko ya Aprili 2024, yaliyoikumba Rufiji na Kibiti, yaliacha barabara nyingi chini ya maji, na gari lililovushwa likafika salama ng'ambo lingeweza kuanza kuteleza wiki kadhaa baadaye. Maji hulegeza gundi inayoshikilia karatasi kwenye sahani za klachi. Zikishabanduka, hakuna cha kubandika upya, sahani ni za kubadilishwa.

Njia ya pili ya maji ndiyo ya hatari zaidi kwa sababu haihitaji mafuriko. Katika magari mengi oili ya gia boksi hupozwa ndani ya rejeta, kwenye bomba linalopita katika tangi la chini lililozungukwa na maji ya injini. Rejeta ikijazwa maji ya kisima badala ya kuulenti, na visima vya karibu na delta vingi vina chumvi, chumvi huila bomba hilo kwa ndani. Siku linapotoboka, maji na oili hukutana. Injini haionyeshi dalili yoyote ya ajabu, gari linakufa gia, na mwenyewe ananunua gia boksi nyingine, anaifunga kwenye rejeta ile ile iliyotoboka, na ndani ya wiki chache amerudi alikoanzia. Kwa gari lililokutwa na oili ya waridi, rejeta mpya ni sehemu ya bei ya gia boksi, si jambo la kufikiriwa baadaye.

Kuhusu oili kuna imani iliyosambaa kwamba kumwaga oili ya zamani huua gia boksi. Ina chembe ya ukweli iliyoshikwa upande wa nyuma. Gia boksi ambayo klachi zake zimekwisha huendelea kushika kwa sababu oili chafu imejaa unga wa karatasi unaoongeza msuguano. Ikimwagwa, utelezi unajitokeza wazi. Oili mpya imefichua maiti, haikuua mtu. Kinachoua kweli ni oili isiyo yake. Dukani mtu huomba "haidroliki", akapewa chupa nyekundu ya lita moja, ile ile inayokwenda kwenye usukani. Toyota iliagiza oili ya T-IV kwa IST ya kwanza, na gia boksi za CVT, zinazotumia mkanda wa chuma badala ya klachi za gia, zinataka oili yao peke yake. Probox iliyotoka baada ya 2014 ni ya CVT, na Nissan X-Trail iliyoanza kuuzwa 2007 hali kadhalika. Haidroliki ya kawaida huufanya mkanda huo uteleze juu ya puli zake, na puli ikishachubuka ndiyo mwisho. Hata oili sahihi haikuziokoa zote: mwaka 2009 Nissan ililazimika kurefusha dhamana ya CVT zake za 2003 hadi 2010 nchini Marekani kufikia miaka 10 au maili 120,000, ambazo ni kama kilomita 193,000. Anayemiliki CVT iliyokufa hapa ana njia moja tu ya kweli, kubadilisha nzima, kwa kuwa mafundi wanaoifungua na kuirudisha ikafanya kazi ni adimu.

Kwa gia boksi ya kawaida njia ni zaidi ya moja. Katika ovahoo hufunguliwa gia boksi hiyo hiyo, zikabadilishwa sahani za klachi, sili na gasketi, na konveta ikaoshwa au kubadilishwa. Kwa nadharia ndiyo njia bora, maana kila kilichochakaa kinajulikana. Kwa vitendo inategemea mikono ya fundi mmoja, kwa sababu ndani mna vipande vidogo mamia na kila kimoja kina upande wake, na bodi ya valvu ikirudishwa ikiwa na kijigololi kimoja pungufu, gari halitapata gia ya tatu maisha yake yote. Fundi wa aina hiyo hupatikana Dar es Salaam, si kila gereji ya njiani.

Njia inayotumika zaidi ni gia boksi ya mtumba. Kuna sababu ya kiuchumi kwa nini gia boksi nzima za Toyota hupatikana Kariakoo na Ilala kama zilivyo kwenye Soko la Kisekka la Kampala na Barabara ya Kirinyaga ya Nairobi, inayojulikana zaidi kama Grogan. Japani humtaka mwenye gari binafsi alipeleke kwenye ukaguzi miaka mitatu baada ya kulinunua jipya na kila miaka miwili baada ya hapo. Ukaguzi huo una gharama, na gari likifika miaka kumi na kitu mwenyewe huona ni nafuu kuachana nalo. Linachinjwa likiwa bado linatembea. Injini na gia boksi husafirishwa, nyingine moja kwa moja, nyingine kupitia Dubai na Sharjah. Kwa hiyo gia boksi ya mtumba ya kweli imetoka kwenye gari lililotupwa kwa sababu ya sheria na bei, si kwa sababu ya gia boksi. Tatizo ni kwamba kwenye rundo la duka hukaa pamoja na zile zilizotolewa kwenye magari ya hapa hapa zikiwa zimekufa, zikaoshwa kwa petroli zikang'aa.

Kuchagua kwahitaji uangalifu wa dakika chache ambao wanunuzi wengi huuruka. Kibati cha gari, kwenye Toyota kiko chini ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, kina mstari wa gia boksi na ekseli. Namba hiyo ipigwe picha, kwa sababu gia boksi ya gari la kuvuta kwa mbele haiingii kwenye la magurudumu manne hata kama magari yanafanana kama mapacha. Oili iliyobaki ndani inuswe. Sampo ifunguliwe dukani, sumaku zitazamwe. Muuzaji anayekataa sampo isifunguliwe ameshatoa jibu. Wauzaji wengi hutoa siku chache za majaribio, na ahadi yao hubadilisha gia boksi kwa gia boksi. Hailipi fundi. Ikirudishwa, mwenye gari anamlipa fundi mara ya pili kushusha na kupandisha, ananunua oili mara ya pili, na kutoka Kibiti analipa nauli mara ya pili. Hesabu ya mtumba lazima ibebe uwezekano huo tangu mwanzo.

Njia ya mwisho ni kuhamisha gari kutoka oto kwenda gia za mkono. Kwa Hiace na Noah za zamani zenye kuvuta kwa nyuma ni kazi inayofahamika, kwani viwanda vilitengeneza magari hayo kwa mitindo yote miwili na vifaa vipo: gia boksi, flaiwili, klachi, pedali, silinda ya klachi, propela yenye urefu wake na mara nyingi kompyuta. Bei hukaribia ya mtumba wa oto au kuipita, lakini baada ya hapo gari linaweza kutengenezwa na fundi yeyote wa Kibiti au Ikwiriri, na klachi ikichoka inabadilishwa bila kwenda Dar. Kwa gari la biashara la vijijini, hiyo ni faida ambayo bei ya siku ya kwanza haiionyeshi. Kadi ya gari hubeba namba ya chesisi na ya injini, kwa hiyo gia boksi ikibadilishwa, ya oto au ya mkono, namba za kadi hazibadiliki.

Sasa hesabu. Kosa la kawaida ni kulinganisha bei ya matengenezo na bei ambayo gari lilinunuliwa, au na pesa zilizokwisha kuingizwa ndani yake. Matairi mapya ya mwezi uliopita yanauma moyo, lakini pesa hiyo imekwenda, gari litengenezwe lisitengenezwe. Kinacholinganishwa ni bei mbili za leo: gari likiwa linatembea, na gari likiwa limekufa lilivyo. Tofauti kati ya bei hizo ndiyo dari ya matengenezo. Ikichukuliwa kwa mfano Noah ambayo ikitembea vizuri Kibiti ingeuzwa shilingi milioni 8, na ikiwa imekufa gia boksi ingeuzwa milioni 4.5, tofauti ni milioni 3.5. Gia boksi ya mtumba, oili, rejeta, usafiri na fundi vikifika milioni 2.2, kutengeneza kunalipa hata kwa mtu aliyekwisha kuamua kuuza. Lakini Noah hiyo hiyo ikiwa inakunywa oili ya injini, na kutu imekula chini ya milango kwa hewa ya chumvi, ikitembea itauzwa labda milioni 6 na ikifa milioni 4.2. Tofauti imeshuka hadi milioni 1.8. Gia boksi ile ile, bei ile ile, na sasa ni hasara. Gia boksi mpya haiponyi injini wala haizibi kutu. Ndiyo maana injini, bodi na chesisi hukaguliwa kabla ya kwenda kununua gia boksi, na kipimo cha kompresheni cha injini, ambacho ni cha bei ndogo, huokoa milioni mbili.

Nchi nyingine zina kanuni ya mdomoni kwamba matengenezo yasizidi nusu ya bei ya gari. Kanuni hiyo imezaliwa mahali ambapo fundi ni ghali na gari la zamani ni la bei ya kutupwa. Tanzania mambo yamepinduka. Fundi ni nafuu, na gari la zamani linashikilia bei kwa sababu la kulibadilisha linaingia likiwa limebeba ushuru wa forodha wa asilimia 25, VAT ya asilimia 18, na ushuru wa uchakavu kwa lenye umri mkubwa. Kenya imezuia magari yaliyozidi miaka 8, Uganda kwa sheria ya 2018 ilizuia yaliyozidi miaka 15. Tanzania imeacha mlango wazi ila imeweka ada mlangoni. Matokeo yake ni kwamba kutengeneza hapa kunalipa mbali zaidi kuliko kanuni ya nusu inavyoruhusu. Tena gari jingine la mtumba halina dhamana ya kuwa bora: kilomita zake huenda zimerudishwa nyuma, na gia boksi yake haijulikani, ilhali ya sasa angalau imekwisha kujulikana tabia.

Kwa gari la biashara kipimo cha pili ni hesabu, ile pesa dereva anayomkabidhi tajiri jioni. Kama hesabu ni shilingi 25,000 kwa siku, matengenezo ya milioni 2.2 ni hesabu ya siku 88, bila kuhesabu siku gari litakazokaa juu ya mawe. Hapo msimu unaingia. Korosho za Pwani huuzwa kwa minada ya stakabadhi ghalani kuanzia Oktoba, na miezi hiyo watu husafiri, hununua bati na saruji, na gari hulala mara chache. Wanaokwenda na kutoka Mafia kupitia Nyamisati nao huongezeka. Gari lililokufa Septemba lina haraka; la Aprili, barabara zikiwa tope na bodaboda zikichukua abiria wachache waliopo, linaweza kungoja mwenye gari akatafuta gia boksi kwa utulivu. Mkopo wa vikoba kwa ajili ya gia boksi ya mtumba unafaa tu kama marejesho yake yanakwisha mapema. Deni la mwaka mzima juu ya gia boksi yenye majaribio ya siku chache humwacha mtu akilipia gari lililosimama.

Usafiri wa gari hadi kwa fundi nao huamua ubora wa kazi. Kibiti iko kilomita 130 na kitu kutoka Dar es Salaam, na Dimani ina kipande cha ziada cha barabara ya vumbi. Gari la oto halivutwi kwa kamba magurudumu yanayoendesha yakigusa chini, kwa sababu pampu ya oili huzungushwa na injini. Injini ikiwa imezimwa, gia huzunguka kavu, na gia boksi iliyokuwa na ugonjwa mdogo hufika Dar ikiwa na mkubwa. Hupandishwa juu ya Fuso inayorudi bila mzigo, au huinuliwa magurudumu hayo. Wengine hushusha gia boksi kijijini, chini ya mkorosho, wakaifunga kwenye gunia na kuipeleka kwa basi hadi Mbagala. Ni nafuu, na kwa mtumba inafaa, kwa kuwa inayorudi ni nyingine. Kwa ovahoo haifai sana: fundi wa Dar hawezi kujaribu kazi yake bila gari, na lawama ikitokea kila fundi atamtupia mwenzake.

Wakati wa kupandisha kuna hatua moja ambayo mwenye gari anaweza kusimama akaitazama kwa macho yake. Toki konveta haisukumwi tu mahali pake. Huzungushwa polepole huku ikibanwa, hadi izame mara ya kwanza, ya pili, na mwishowe ishike meno ya pampu. Fundi mzuri huweka rula juu ya mdomo wa gia boksi na kupima konveta imezama kiasi gani. Fundi mwenye haraka huikuta imebaki nje kidogo, huivuta kwa bolti za gia boksi, na bolti hizo huivunja pampu kabla injini haijawashwa. Gia boksi nzima hufa hivyo ikiwa bado haijatembea mita moja, na mara nyingi lawama humwendea muuzaji wa Kariakoo. Mabomba ya kupozea na rejeta yasafishwe kabla ya kuunganishwa, la sivyo unga wa gia boksi ya zamani huingia kwenye mpya kwa mzunguko wa kwanza.

Gari ambalo hesabu yake imegoma huuzwa lilivyo, na dalili zitajwe wazi, kwa kuwa mnunuzi wa gari lililokufa kwa kawaida ni fundi au muuza spea ambaye ataiona sampo hata hivyo. Injini nzima, milango, taa, viti na rimu zina soko lake, na Noah inayouzwa vipande vipande huweza kuleta zaidi ya ile inayouzwa nzima, mradi mwenyewe ana uwanja wa kuiweka na subira ya miezi kadhaa. Anayeuza kwa njia hiyo hubaki na chesisi yenye namba, na umiliki wake ushughulikiwe TRA ili jina lake lisiendelee kubeba gari lisilokuwepo.

Lililotengenezwa nalo halitoki gereji likiwa salama moja kwa moja. Oili hupimwa baada ya safari ya kwanza, kwani konveta hunywa taratibu na kijiti husoma pungufu. Kwa kuwa kumwaga kwa bolti ya chini hutoa chini ya nusu ya oili yote, iliyobaki ikiwa imejificha ndani ya konveta, mafundi waangalifu hurudia kumwaga na kujaza baada ya kilomita elfu moja hivi. Sampo hufunguliwa siku hiyo hiyo, na sumaku zinaonyesha kama gia boksi iliyonunuliwa ilitoka Japani au ilitoka mtaa wa pili.